Mheshimiwa Ameingia Tena

Kabla sijasema lolote, naomba kutambua uwepo wako, msomaji. Natambua pia uwepo wa kiti ulichokalia, na uwepo wa huyo aliye nyuma yako anayechungulia. Kwa kuwa muda hautoshi kuwataja wote, itifaki imezingatiwa. Siku hizi sianzi jambo bila maneno hayo, hata nikienda dukani kununua chumvi. Kuna mtu alianza kusema bila kuyatamka, na mpaka leo anaitwa kila Alhamisi kujieleza.

Nchi yetu siitaji jina. Ina bendera, ina wimbo, na ina Wizara ya Sanaa, Utulivu na Mapokezi. Ina pia Ukumbi wa Taifa wa maigizo, ambao ulifungwa miaka tisa iliyopita ili upakwe rangi. Rangi ilifika mwaka wa pili, brashi zikafika mwaka wa tano, na mpaka siku ninayoisimulia kamati ilikuwa bado inajadili kama rangi ile ni ya maziwa au ya krimu. Sina neno na kamati. Mambo ya rangi si ya kukurupukia.

Lakini waigizaji nao ni watu, na mtu ukimfungia kazi yake miaka tisa anaanza kuongea na masufuria. Ndipo kikundi chetu kikaamua kuigiza mtandaoni. Mimi ni fundi mitambo wa kikundi. Kila mwigizaji anakaa kwake na simu yake, picha zao zote zinakuja kwenye kompyuta yangu, na mimi kwa programu ya kurushia matangazo nazishona pamoja. Watu wanaotazama wanaona karani na mjane wako ofisi moja, kumbe karani yuko mpakani na mjane yuko upande wa pili wa nchi, safari ya siku mbili kwa basi. Ninawaelekeza kwa simu wabandike utepe ukutani kwao ili kila mmoja ajue atazame wapi, waonekane wanatazamana. Karani akitoa karatasi, anaisukuma nje ya picha kulia kwake, na mjane kwake anavuta karatasi nyingine ya aina ileile kutoka kushoto. Ukilifanya vizuri, mtu anaapa ni karatasi moja.

Mjane alikuwa Bi Siwatu. Umri wake ni miaka sabini na moja, na ameigiza kwa miaka arobaini na mitatu. Mchezo wenyewe uliitwa Cheti cha Marehemu: mjane anafuatilia cheti cha kifo cha mumewe, na ofisi inamwambia marehemu aje mwenyewe na kitambulisho. Mwishoni anaitupa karatasi, anageukia watazamaji na kuwauliza wakubwa maswali kwa dakika saba. Dakika saba hizo ndizo Bi Siwatu alizokuwa akizitaka.

Alizitaka kwa sababu alikuwa na uvimbe kooni. Daktari alimpangia kumpasua Jumatatu, na akamwambia bila kuzunguka kwamba baada ya hapo atabaki na pumzi, sauti hapana. Sisi tulikuwa na kibali cha Jumamosi, kuanzia saa tisa alasiri hadi saa kumi na mbili kamili jioni. Kibali hicho kilituchukua miezi kumi na minne kukipata. Kurekodi tusingeweza, maana kisheria kurekodi maigizo ni kazi ya Idara ya Kumbukumbu peke yake. Kwa hiyo ilikuwa Jumamosi ile, mubashara, au basi.

"Mwanangu," aliniambia kwenye simu wiki mbili kabla, kwa sauti iliyokwisha kuanza kukwaruza, "nataka niimalizie kazini. Sitaki niimalizie kwa kumwita jirani aniletee maji."

Tangu siku hiyo hakusema tena. Mazoezi alifanya kwa midomo tu, na alichotaka kuniambia alikiandika kwa kalamu nene nyuma ya kalenda za zamani na kukinyanyua mbele ya simu. Neno aliloliandika mara nyingi lilikuwa moja: "Naitunza."

*

Siku tatu kabla ya onyesho, Wizara ilimtuma Bwana Chitukulo, Afisa Itifaki, akague ukumbi. Nilimwambia ukumbi hakuna, kuna skrini. Akakagua skrini, huko huko mtandaoni, amevaa suti na tai.

"Fundi," akasema, "nimetazama kwa masikitiko. Meza kuu iko wapi?"

"Bwana Afisa, hapa hakuna meza. Kila mtu yuko kwake."

"Kwa hiyo mgeni rasmi, Mheshimiwa Waziri, atakaa wapi?"

"Atakaa kwake, atazame kama watu wengine."

"Kama watu wengine," akarudia polepole, na nikamwona anaandika.

Kesho yake nikapata maelekezo. Meza kuu itakuwa na watu saba, Waziri katikati, kila mmoja na kisanduku chake juu ya skrini. Visanduku vya meza kuu viwe vikubwa kuliko vya waigizaji, kwa kuwa haiwezekani karani wa kuigiza awe mkubwa kuliko Waziri wa kweli. Gari la Serikali likazunguka kuwapelekea wote saba kitambaa cheupe, ua la plastiki na chupa ndogo ya maji ya kutofunguliwa. Waigizaji wangu wakabanwa chini, kila mmoja ukubwa wa kiberiti.

Bwana Chitukulo alikuwa pia na swali kuhusu ile karatasi. Ilitokaje mpakani ikafika kwa mjane bila kuandikwa kwenye rejista ya barua? Nilimweleza ni karatasi mbili. Akasema hilo ni baya zaidi, maana moja itakuwa ya kughushi. Tukafungua rejista. Mungu ndiye shahidi yangu, tulifungua rejista.

Halafu akanisomea Waraka wa Mapokezi, kipengele cha nne, nami nikakisikiliza vizuri na kutikisa bega tu, kwa upumbavu wangu. Kilisema hivi: Mheshimiwa anapoingia mahali penye shughuli, shughuli itasimama, waliopo watasimama, Mheshimiwa atatambulishwa na kusalimia, na shughuli itaanza upya ili asipitwe na kitu.

Nikajiambia, ataingia mara moja.

*

Jumamosi saa tisa tukaanza kwa dua mbili na wimbo wa taifa. Kwa kuwa mtandao humfikia kila mtu kwa sekunde zake, meza kuu iliuimba kila mtu kivyake, na wa mwisho alimaliza peke yake wakati wenzake wamekwisha kukaa. Kisha Mheshimiwa Ngwandumi, Waziri wetu, akatoa nasaha fupi za dakika hamsini.

"Ndugu wananchi," alisema, "sanaa ni ajira, na ajira ni utulivu. Serikali yenu sikivu imeweka mazingira wezeshi ambayo, kwa namna ya pekee kabisa, yanawezesha. Wapo wanaouliza Ukumbi wa Taifa utafunguliwa lini. Nawajibu: ukumbi ni wewe. Popote ulipokaa, umekaa ukumbini."

Kila alipomaliza sentensi aliitikia kwa kichwa, kama vile kuna mtu mwingine aliyeisema na yeye anaikubali. Wale sita nao waliitikia. Mimi huku nilikuwa natazama saa na kutokwa jasho, feni imeelekezwa kwenye kompyuta na si kwangu.

Saa kumi na dakika ishirini ndipo mchezo ukaanza. Bi Siwatu alikuwa stoo kwake, godoro ameliegemeza ukutani kuzuia mwangwi, simu iko juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akafungua kinywa baada ya wiki mbili. "Mimi ni mke wa marehemu Kandonga," akasema, na nywele zilinisimama mikononi. Sauti ilikuwepo yote. Nilitaka kulia, sioni haya kusema.

Habakuki, mwigizaji wetu wa mpakani aliyecheza karani, akamjibu, "Marehemu yuko wapi?" Watu kwenye maoni wakaanza kucheka.

Hapo mtandao wa Waziri ukakata.

Alikuwa jimboni kwake, chini ya mnara wa simu alioufungua mwenyewe mara mbili kwa utepe, na ambao bado haujawekewa mitambo. Kisanduku chake kikawa cheusi. Baada ya dakika mbili kengele ya programu ikalia na uso wake ukarudi.

"Simamisheni," akasema Bwana Chitukulo. "Mheshimiwa ameingia."

"Bwana Afisa, alikuwepo. Amekatika tu akarudi."

"Fundi, mtu hawezi kurudi bila kuingia. Kipengele cha nne."

Tukasimama. Ukisimama mbele ya simu iliyowekwa mezani, kamera inabaki na kiuno chako, kwa hiyo taifa zima lilitazama viuno vya meza kuu kwa dakika nne wakati Bwana Chitukulo akitaja vyeo. Waziri akasalimia. Mchezo ukaanza upya. Mimi ni mke wa marehemu Kandonga.

Sitakuchosha. Au acha nikuchoshe kidogo, maana sisi tulichoshwa. Mtandao wa Waziri ulikata karani akiuliza marehemu yuko wapi. Ukakata tena karatasi ikiwa njiani, imeshatoka kwa Habakuki na haijafika kwa Bi Siwatu, na Bwana Chitukulo akataka ifutwe kwenye rejista iandikwe upya. Mara ya nne Waziri alikaa ndani sekunde kumi na moja. Mara ya tano tulikuwa bado tunamtambulisha kwa kuingia kwake akatoka, akaingia tena, na ikabidi tusimamishe kule kusimama ili tusimame.

"Bi mkubwa, pole," Habakuki alikuwa akimwambia kila tukikaa. "Pole sana, bi mkubwa."

Yeye hakujibu. Alikuwa anatunza. Lakini kila tulipoanza upya alilazimika kulitoa lile neno la kwanza kwa sauti kamili, kwa sababu yule mjane anaingia ofisini akiwa bado na imani. Mara ya sita nikasikia imepasuka kidogo pembeni. Mara ya nane "Kandonga" ilitoka nusu. Kwenye maoni watu waliandika, mwacheni mama amalize, jamani mwacheni mama amalize, na Bwana Chitukulo akaniagiza nifute maoni yasiyotambua uwepo wa meza kuu.

Mara ya kumi na moja ilikuwa saa kumi na moja na dakika ishirini na mbili. Meza kuu ikasimama, viuno vikajaa skrini. Katika kisanduku kidogo chini, Bi Siwatu hakusimama. Alinyanyua kipande cha kalenda, na nyuma yake alikuwa ameandika: "Fundi, imebaki ya mara moja."

Nilikasirika. Nimelelewa kuheshimu wakubwa, na sikuwahi kumjibu vibaya hata mjumbe wa mtaa, lakini siku ile nilikasirika mpaka masikio yakawa ya moto. Na mtu akikasirika mbele ya mitambo anayoijua, mikono yake inafanya kazi kabla ya akili.

Programu ile ina uwezo wa kuchukua kipande cha picha na kukirudia bila kukoma. Ilikuwa bado imeshikilia hotuba ya Waziri. Nikachukua sekunde sita ambamo meza kuu nzima inaitikia kwa kichwa, Waziri akiwa na tabasamu la mtu aliyetoka kujisifu. Kisheria sijui kama sekunde sita ni kurekodi. Mimi nilihesabu ni kuazima. Walipokaa, nikawaweka wale wa sekunde sita mahali pa wale wa kweli, wote saba, kisha nikazima kengele.

Baada ya dakika chache Bwana Chitukulo akasema kwa furaha, "Naona mtandao wa Mheshimiwa umetulia."

"Umetulia kabisa, Bwana Afisa."

"Huo ndio uongozi."

Waziri mwenyewe, nilikuja kusikia baadaye, aliendelea kukatika na kurudi huko jimboni. Kila akirudi alijiona kwenye skrini amekaa vizuri anaitikia, akaridhika, mwishowe akaenda kula.

*

Saa kumi na moja na nusu mchezo ulianza kwa mara ya kumi na mbili, na safari hii uliendelea. Karani akauliza, mjane akajibu, karatasi ikavuka nchi. Bi Siwatu aliitumia ile sauti iliyobaki kidogo kidogo, na kupasuka kwake kukageuka kuwa kwa mjane mwenyewe, aliyezungushwa ofisini miezi minane. Habakuki alisahau kuigiza, akawa anamsikiliza tu. Watazamaji walioanza elfu nne walikuwa wamefika laki mbili, watu wanapigiana simu wanaambiana, fungua, fungua, anaendelea.

Akafika kwenye zile dakika saba. Akaitupa karatasi, akageuka.

Hapa naapa, sikuwaza. Nilikuwa nimewaza habari ya mtandao tu. Haikunijia kabisa kwamba mjane akiwageukia wakubwa kuwauliza, juu yake kuna visanduku saba.

"Zahanati yetu mliizindua mara nne," akasema Bi Siwatu. "Mara zote nne nilikuja nikapiga vigelegele. Mnanikumbuka?"

Meza kuu ikaitikia kwa kichwa.

"Vitanda kumi na viwili vilifika wilayani kwa lori. Niliviona kwa macho yangu. Mume wangu akalazwa sakafuni. Vile vitanda mlivipeleka gesti?"

Meza kuu ikaitikia. Waziri aliitikia na kutabasamu.

"Mlijua kuna watu wanafia chini?"

Wakaitikia wote saba.

Bi Siwatu alikuwa anajiona kwenye simu yake, pamoja nao. Akanyamaza. Kwenye mchezo hakuna kunyamaza hapo, kuna maneno mengine dakika tatu nzima. Aliwatazama wakiitikia, wakaitikia tena, na tena. Kisha akasema kitu ambacho hakikuandikwa, kwa sauti iliyokuwa imebaki uzi.

"Basi mmekubali. Mimi nimemaliza."

Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro dakika moja. Nikazima.

Jumapili hakusema neno, ingawa alikuwa bado anaweza. Jumatatu akapasuliwa.

*

Serikali ilikaa kikao siku mbili. Tatizo lilikuwa gumu. Kusema kwamba Mheshimiwa hakuitikia ni kusema kwamba hakuwepo, na daftari la mahudhurio, lililosainiwa na Bwana Chitukulo, lilionyesha kwamba Mheshimiwa alikuwepo mwanzo hadi mwisho, tena aliingia mara kumi na moja. Mheshimiwa hawezi kutokuwepo. Kwa hiyo aliitikia. Magazeti yakaandika WAZIRI MSIKIVU AKUBALI MBELE YA WANANCHI, na ile gesti yenye vitanda ikazinduliwa kwa utepe kuwa zahanati. Wageni wanaendelea kulala humo, ila sasa wanaitwa wagonjwa. Mimi nilipewa barua ya pongezi kwa utulivu wa mtandao.

Bi Siwatu alipewa barua ya kuitwa. Kosa lake ni kuiuliza meza kuu maswali matatu bila kwanza kutambua uwepo wake. Hakusema itifaki imezingatiwa. Alitakiwa kufika mbele ya kamati, Alhamisi saa nne asubuhi, ajieleze kwa mdomo.

Alifika ameviringisha kitambaa shingoni, na barua ya daktari mkononi. Kamati ikaikataa barua, kwa kuwa barua ni maandishi. Akaambiwa ajieleze kwa sauti. Akafungua kinywa, ikatoka pumzi. Karani wa kamati akaandika: Mtuhumiwa amekaa kimya. Shauri likaahirishwa hadi Alhamisi inayofuata, na Alhamisi inayofuata likaahirishwa tena, na imekuwa hivyo mpaka leo.

Lakini kila Alhamisi, kabla ya kuahirisha, kamati inatakiwa kusikiliza ushahidi. Na ushahidi upo. Idara ya Kumbukumbu, ambayo ndiyo peke yake yenye ruhusa, iliurekodi mchezo wote. Watu waliotaka kusikiliza shauri walikuwa wengi mno kwa chumba cha kamati, ikabidi ufunguliwe Ukumbi wa Taifa, kuta hazijapakwa, ndoo za rangi zimepangwa pembeni. Fundi wa kuendesha ushahidi ni mimi.

Alhamisi iliyopita ukumbi ulijaa mpaka mlangoni. Meza kuu ya kweli ilikuwa jukwaani, kitambaa cheupe, maua ya plastiki. Kiti cha Waziri kilikuwa bado kitupu. Bi Siwatu alikaa mbele kwenye kiti cha mtuhumiwa. Nikawasha, na kutoka kwenye spika kubwa za ukumbi ikaja sauti yake: "Mimi ni mke wa marehemu Kandonga." Hakuna aliyekohoa. Tulisikiliza mpaka "mimi nimemaliza", na mwanamke mmoja nyuma yangu alikuwa analia waziwazi.

Mwenyekiti wa kamati akainua kichwa. "Mama, hiyo sauti ni yako?"

Bi Siwatu aliitikia kwa kichwa.

"Jibu kwa sauti, mama."

Akaitikia tena, mara mbili, mara tatu, akimtazama. Karani akaandika: Hakujibu.

Mwenyekiti alikuwa ameshaanza kuahirisha shauri, mlango wa nyuma ulipofunguliwa. Bwana Chitukulo akasimama wima na kutangaza kwamba Mheshimiwa ameingia, shughuli isimame, waliopo wasimame, na ushahidi uanze upya ili asipitwe na kitu.

Tukasimama. Tangu nizaliwe sijawahi kuona watu wakisimama kwa moyo namna ile. Nikarudisha mwanzo. Kabla sijabonyeza, nikamwona Bi Siwatu amegeuka kwenye kiti chake, amenyanyua kipande cha kalenda upande wangu. Aliandika: "Fundi, ongeza sauti."

Nikaongeza.